Mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, kwa baiskeli tatu: maoni ya baba anayependa katuni kuliko watoto wake

Mimi ni baba wa watoto wawili, msichana wa miaka 9 na kijana wa 6, tunaishi Kiamunyi hapa Nakuru, na wacha niseme mapema ndio mtu asije akanishangaa huko mbele: kwa hii nyumba yetu mwenye ugonjwa wa katuni ni mimi. Watoto wananisindikiza tu. Mama yao akirudi jioni anapata hao wawili wamelala kwa kochi na mimi bado macho kwa TV, saa zingine na machozi, ananiuliza "baba nani, ni nini tena?" na mimi nasema ni vumbi.

Ilianza zamani, enzi za deki ya video, kwa jirani yetu ambaye alikuwa na kaseti moja tu ya katuni, ile ya The Lion King, na tukaiangalia mpaka ikaanza kuleta mistari kwa skrini. Kwanza tulishangaa wanyama wanaitwa Simba na Rafiki, tukaona kumbe hawa wazungu wanaongea kama sisi, halafu kuna yule ngiri anaitwa Pumbaa, hapo tulicheka mpaka mama wa nyumba akatufukuza nje. Tangu siku hiyo nilikuwa na ndoto moja, siku moja nitawapeleka watoto wangu zile bustani za burudani za Disney, wale waliotengeneza hiyo katuni.

Sasa hesabu. Ya kwanza walifungua California 1955, ikafuata Florida 1971, Tokyo 1983, Paris 1992, Hong Kong 2005, Shanghai 2016, na 2025 wakatangaza watajenga nyingine Abu Dhabi. Afrika hakuna. Tiketi ya kuingia tu huko Florida inapita dola 100 kwa mtu mmoja kwa siku moja, na sisi tuko wanne, na hapo bado sijagusa ndege, viza, pa kulala wala chakula. Niliandika hizo namba nyuma ya risiti ya supamaketi ya Naivas, nikaikunja, nikairudisha mfukoni polepole.

Na kitu inaniuma zaidi (au inanichekesha, inategemea siku) ni kwamba huko Florida kuna bustani yao moja inaitwa Animal Kingdom, ilifunguliwa 1998, na ndani yake wamejenga mji wa uongo wa Afrika Mashariki, wakauita Harambe. Naapa. Kuna hoteli ya chakula inaitwa Tusker House. Halafu unapanda lori kubwa linaitwa la Kilimanjaro Safaris unapelekwa kuona twiga. Yaani mtu anauza ng'ombe aende Marekani kupanda lori aone twiga kwa kijiji kinaitwa Harambe, na mimi nikisimama juu kwa Menengai, kreta ya hapa Nakuru, siku haina ukungu naona Lake Nakuru yote pale chini, na twiga wako ndani ya hiyo mbuga.

Nimejaribu pia burudani ya hapa mjini. Kuna mahali tulienda Jumapili moja, jina nitaliacha, wana zile nyumba za hewa za kurukaruka na katreni ka kuzunguka. Mia mbili kwa kila mtoto, dakika sijui tano, nikiangalia saa yangu naona ni tatu na jamaa ameshapiga filimbi. Kijana wangu alikuwa bado anavua viatu! Hapo sirudi.

Sasa kilichonipeleka Hell's Gate ni hiki. Nilikuwa nasoma vile hiyo katuni ya The Lion King ilitengenezwa, nikapata kwamba kabla haijatoka 1994 watengenezaji wenyewe walisafiri wakaja Kenya kuangalia mandhari, na mahali walifika ni Hell's Gate. Hell's Gate hii ya Naivasha. Iko kwa kaunti yangu! Miaka yote hiyo nahesabu dola na kitu chenyewe kiko kama kilomita tisini hivi kutoka kwangu. Niliingia jikoni nikamwambia mama watoto "Jumamosi tunaenda ndani ya ile sinema", akaniangalia tu akaendelea kukata sukuma.

Tulitoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi na matatu ya Naivasha. Kijana alikuwa na furaha mpaka akaanza kuimba ule wimbo wa mwanzo wa hiyo sinema, kwa nguvu, na mama mmoja mbele akageuka akauliza huyu mtoto anaimba Kiluo ama ni lugha gani. Nikamwambia ni Kizulu shosho, ni cha Afrika Kusini. Akasema "na mbona hamjamfunza Kiswahili?" Gari lote likacheka. Naivasha tukashuka, tukachukua matatu ya kwenda Kongoni, ile barabara ya South Lake inayopita mashamba ya maua, ukifika njia panda ya Elsa Gate mwambie konda akushushe, halafu kutoka hapo mpaka geti ni kama kilomita mbili, kuna boda na kuna wenye baiskeli za kukodisha.

Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, hawachukui pesa mkononi, kwa hivyo lipeni mkiwa nyumbani, mimi nilijifanya mjanja nikangoja geti na bando ikaisha nikiwa kwa foleni. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori, walikuwa watu wazuri, mmoja akanipa hotspot. Bei sitaziandika juu zinabadilika, angalia huko kwa eCitizen mwenyewe.

Baiskeli sasa. Hii ndio raha yenyewe ya hii mbuga, kwamba unaruhusiwa kuendesha baiskeli ama kutembea kwa miguu katikati ya wanyama, mbuga nyingi huwezi hata kutoa mguu kwa gari. Sisi tulichukua tatu, yangu, ya mama na ya msichana, kijana akakaa kwa keria yangu. Jamaa aliyetukodishia (si wa KWS, ni wa nje huko, jina sitaji) aliniapia breki ziko sawa. "Bosi hizi zimetoka servisi jana." Breki ya mbele ilikuwa pambo. Tulifika kwa mteremko mdogo wenye mchanga, nikafinya, hakuna kitu kilifanyika, tukaingia kwa nyasi mimi na kijana kwa heshima zote. Hakuumia, alichubuka goti tu na akasema nirudie. Kwa hivyo ushauri wangu ni kabla hujalipa endesha kwanza uzunguke hapo hapo, finya breki zote mbili, angalia cheni, angalia upepo, na omba helmeti hata kama atakuambia hakuna mtu huvaa.

Kitu cha kwanza unafikia ni Fischer's Tower, mnara wa mwamba umesimama peke yake kama mita 25, umepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapo 1883. Lakini Wamaasai wana hadithi yao, kwamba ni msichana aliyekuwa anaenda kuolewa, akaambiwa asigeuke nyuma, akageuka, akawa jiwe. Msichana wangu alisimama hapo muda mrefu akauliza "sasa kosa lake ni nini, kuangalia kwao?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Hii ndio katuni mtu wa hapa kwetu anafaa kutengeneza, mimi nitalipa tiketi ya kwanza.

Chini ya huo mwamba kumejaa pimbi. Wadogo, wanene, wanaota jua, hawaogopi mtu. Kijana alicheka sana juu kwao shuleni ukiwa mfupi unaitwa pimbi, halafu askari akamwambia huyo pimbi ni ndugu wa karibu wa ndovu, na ni ukweli wanasayansi wanasema hivyo. Alikataa. Alikasirika kabisa, akadhani anachezewa.

Halafu mbele uwanja unafunguka. Hapa sijui niandike aje. Kuta za mwamba mwekundu pande zote mbili, nyasi ya manjano, barabara ya vumbi inapita katikati, punda milia wako hapo hatua kama thelathini wanakuangalia tu wewe na baiskeli yako mbovu, kongoni, swala, twiga watatu mbali, na ngiri wanakimbia na mikia imesimama kama antena. Kijana akapiga kelele PUMBAA! na ngiri wote wakatoroka. Mimi nilishuka kwa baiskeli nikasimama. Mama watoto akaniuliza ni vumbi? Nikamwambia leo ni vumbi kweli.

Lakini wazazi wenzangu, kosa langu kubwa lilikuwa la mdomo, niliwaahidi watoto vitu mingi. Nilisema tunaenda kwa Simba. Simba kuwaona hapo ni bahati nadra sana, na ndio maana watu wanaachiliwa na baiskeli! Kijana aliniuliza "Simba ako wapi" kutoka saa nne mpaka saa tisa. Na yule Timon, rafiki wa Pumbaa kwa sinema, hayuko, mnyama wa aina yake anaishi huko kusini mwa Afrika, kwetu tuko na nguchiro ambaye anafanana naye kidogo. Rafiki naye uso wake ni wa mandrili, hao ni wa misitu ya Afrika ya kati upande wa magharibi, hapa utapata nyani wa kawaida, na hao nyani si rafiki wa mtu. Mmoja alichukua mfuko wetu wa chapati, chapati sita, akapanda juu ya mwamba akazila moja moja akituangalia. Fungieni chakula ndani ya begi yenye zipu na msikae mbali nayo.

Kutoka Elsa Gate mpaka kwa korongo ni kama kilomita nane, na kuna mahali waongozaji wanangoja. Na kila mmoja wao ana mwamba wake anaonyesha akisema huu ndio ule wa Simba wa kwa sinema, mimi nilionyeshwa miwili tofauti kabla sijashuka kwa baiskeli. Sikubishana na mtu. Korongo lenyewe hatukuingia, mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa juu na mwongozaji akasema hapana, pesa yangu hataki, na ninamshukuru sana kwa hilo. Mvua ikinyesha mbali huko juu, hapo chini huoni kitu, halafu maji yanakuja mara moja na kuta ziko juu pande zote. Watu wamekufa humo, 2012 na tena 2019. Ukiona wingu usilazimishe, hata kama umetoka Busia.

Mandhari ya nyuma kule unaona mvuke unapanda kutoka Olkaria, zile mashine za stima za kampuni ya KenGen, msichana alidhani ni moto wa fisi wa kwa sinema. Nilimwelezea kwamba maji yanachemka chini ya ardhi na huo mvuke ndio unazungusha mashine na pengine ndio unawasha TV yetu ya kuangalia katuni. Alinyamaza akafikiria, hiyo ilimwingia kuliko wanyama wote.

Kurudi ndio shida. Jua, upepo usoni, vumbi kwa meno, na kilomita nane zilezile zimekuwa ishirini. Msichana aliendesha mbele kama si yeye, mimi na mzigo wangu kwa keria tukabaki nyuma, mama watoto kufika nusu akashuka akasema ameolewa na mtu hana akili, kisha familia moja yenye pikapu ikambeba yeye na baiskeli. Kama una mtoto chini ya miaka 8, nenda na gari la mtu ama mchange gari, yanaruhusiwa kuingia, halafu mkodi baiskeli za kuzunguka kidogo tu mpaka Fischer's Tower. Bebeni maji mengi, sisi lita tatu ziliisha saa sita.

Kwa jumla ya watu wanne, nauli, kuingia, baiskeli, na chipsi kuku ya Naivasha mjini baada ya nyani kula chakula chetu, nilitumia pesa ambayo haiwezi kununua tiketi moja ya watoto kule Harambe ya uongo. Mimi napea nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeondoa ni ya breki.

Usiku huo tulifika nyumbani tumechoka kama mbwa, miguu imekufa, na bado kijana akalilia sinema, nikaweka. Alikuwa amelala nusu hivi, ikafika mahali panaonyesha ule uwanda na miamba, akakaa wima akaelekeza kidole kwa TV.

"Baba, hapo ndio tulianguka!"

Nikamwambia ndio, ni hapo hapo.