TAHADHARI: Ukionyeshwa "volti mbovu" kwenye skrini, usitoe hela ya bodi mpya

Wadau, kuna mchezo mchafu kwenye baadhi ya maduka ya kutengeneza kompyuta hapa Dar, na watu wanalizwa. Unapeleka kompyuta yako ya mezani kwa tatizo dogo, labda inajizima yenyewe au unataka tu kuongezewa RAM. Fundi anaiwasha, anaweka programu ya kupima volti, kisha anakugeuzia skrini: "Bosi, njoo uone mwenyewe. Volti 12 inasoma 8. Bodi hii imekwisha, ukiendelea nayo itaunguza prosesa." Namba umeziona kwa macho yako, utabisha nini? Unatoa hela ya bodi (motherboard) na pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta), na vile vya zamani vinabaki dukani "vikatupwe". Havitupwi. Ni vizima, na vinauzwa kwa mteja mwingine.

Dada mmoja mwenye steshenari aliniletea mashine yake baada ya kuambiwa maneno hayo hayo. Alikuwa ameshaanza kuzungumza na watu wa vikoba apate mkopo. Nikaweka mita ya kupimia umeme kwenye waya wa njano, ambao ndio wa volti 12: ikasoma 12.1. Kilichokuwa kinaizima mashine ni vumbi lililoziba feni ya prosesa, inapata joto, inajilinda. Kusafisha na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto, kazi ikaisha.

Utapeli huu unafanya kazi kwa sababu namba zenyewe kweli zipo kwenye skrini. Fundi hakuzibuni. Anachokificha ni zinatoka wapi.

Kwenye bodi kuna chipu ndogo, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima volti, joto na mwendo wa feni. Chipu hiyo haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja, ni nyingi mno kwake. Kwa hiyo mtengenezaji wa bodi anaweka rezista mbili zinazoipunguza kabla haijafika, na programu inatakiwa izidishe kwa kiwango hicho hicho ili ipate namba halisi. Sasa kila bodi ina rezista zake. Programu isipoijua bodi yako vizuri, inazidisha kwa kiwango kisicho chake na kukuletea 8, au 5, au hata sifuri na ushee. Wakati mwingine mguu wa chipu haujaunganishwa na kitu chochote, na programu bado inauandikia jina na namba. Mstari wa -12V ndio maarufu kwa hili: bodi nyingi za sasa haziupimi kabisa, lakini fundi tapeli ndio anaoupenda kuliko yote.

Fikiria pia hivi. Kiwango cha ATX, ambacho pawa saplai za kompyuta za mezani hufuata, kinaruhusu volti 12 ipande au ishuke kwa asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Kama kweli 12 imeshuka hadi 8, pawa saplai yenye ulinzi ingekuwa imeshajikata, na hata hiyo Windows anayokuonyeshea usingeiona. Mashine inayowaka na kufungua programu huku ikidaiwa ina volti 8 inamsuta fundi yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, mwambie aiwashe upya na aingie BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, kabla Windows haijafunguka), kwenye ukurasa wa Hardware Monitor. Pale namba zimewekwa na aliyetengeneza bodi, na yeye anazijua rezista zake. Ikiwa BIOS inasema 12.0 na programu inasema 8, mjadala umekwisha. Bado anabisha? Athibitishe kwa mita. Mashine ikiwa imewashwa na inafanya kazi nzito, ncha nyeusi ya mita iwekwe kwenye waya mweusi wa plagi ya Molex (ile ya waya nne inayotoka kwenye pawa saplai) isiyotumika, ncha nyekundu kwenye waya wa njano. Huo ndio ushahidi. Fundi anayeuza pawa saplai halafu anasema hana mita, chukua mashine yako uondoke. Na tafadhali, usifungue boksi la pawa saplai mwenyewe nyumbani. Ndani yake umeme unabaki hata baada ya kuchomoa.

Kuna toleo jingine la mchezo huu, la volti ya prosesa. Unaonyeshwa Vcore inaruka kutoka 0.8 hadi 1.4 na kurudi, unaambiwa "haijatulia". Kuruka ndiyo kazi yake! Prosesa inaomba volti kidogo ikipumzika na nyingi ikipata kazi. Mwaka 2019, watumiaji wa prosesa za Ryzen 3000 za AMD walipoingiwa na hofu, AMD wenyewe walieleza kwamba baadhi ya programu za kupima zilikuwa zinaiuliza prosesa mara kwa mara kiasi cha kuiamsha, ikapandisha volti kwa sababu tu inapimwa. Tena uangalie jina la mstari: VID ni volti ambayo prosesa inaomba, Vcore ndiyo inayopimwa. Zikitofautiana kidogo si ugonjwa.

Kuna upande ambao volti zimeua prosesa kweli, na huko wauzaji wa mtumba wanacheza kinyume: wanatumia namba nzuri kuficha ubovu. Ni Intel Core za kizazi cha 13 na 14, hasa i9-13900K na i9-14900K. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi na kuharibika polepole. Wakatoa marekebisho ya BIOS: 0x129 mwezi Agosti, linalozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, kisha 0x12B mwezi Septemba. Marekebisho hayo yanazuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kwa hiyo muuzaji akikufungulia CPU-Z (programu ya kuonyesha taarifa za prosesa) na kusema "volti iko safi, kaka", hajathibitisha chochote. Omba michezo mizito ifunguliwe hapo hapo. Inayojifunga yenyewe, au inayolalamika kumbukumbu ya video imeisha wakati kadi ina nafasi tele, ni dalili inayojulikana ya prosesa hizo. Omba na boksi lake na risiti, maana Intel waliongeza dhamana ya zile za boksi kwa miaka 2, ikawa 5.

Programu zenyewe usiuziwe. CPU-Z ni bure, na HWiNFO, ya kupima volti na joto, ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Pakua kwa wenyewe, andika anwani kwa mkono wako, usibonyeze tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji: Novemba 2023 matangazo ya namna hiyo yalikuwa yakisambaza CPU-Z bandia yenye kirusi cha kuiba nywila. Mtu akikutumia faili WhatsApp na kukwambia uzime antivairasi kwanza, lifute.

Na hata pale ambapo bodi imekufa kweli, mwambie fundi tangu mwanzo, kabla hajashika bisibisi: "Cha zamani naondoka nacho." Piga picha ya namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa kwenye bodi na kwenye pawa saplai ukiwa bado unaishika. Anayekasirika kwa hilo, usimwachie mashine.