Kukimbiza kilo au kupenda zoezi lenyewe?

Ukifanya mazoezi kwa ajili ya kilo tu, furaha yako yote umeikabidhi mzani, na mzani hauna huruma jamani, maji na chumvi peke yake vinaweza kukupandisha kilo 1 hivi ndani ya siku moja bila mafuta kuongezeka, alafu unavunjika moyo bure. Na hata ukiifikia hiyo namba, shangwe haikai, kesho unasaka nyingine.

Sasa anayependa zoezi lenyewe, zile dakika za mwanzo ngumu zikipita pumzi ikakaa sawa, miguu ikashika mdundo, huyo kalipwa leo leo. Lengo aweke, sawa. Ila Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mi naona huyu ndo atazifikisha mwaka mzima.