Piano ya kwanza: kabla ya kuhesabu funguo, kanyaga pedali

Kila mwaka Krismasi ikipita na ndugu wakisharudi Dar, simu yangu hujaa watu walioletewa piano ya umeme. Mjomba kapanda nayo Moshi juu ya gari, mtoto kafurahi, wiki mbili baadaye piano "ina shida". Nikienda kuitazama, mara nyingi piano haina shida yoyote. Shida iko sakafuni.

Kwa hiyo sitaanza na funguo 88 zenye uzito kidoleni kama za piano halisi. Hilo umeshaambiwa na kila mtu, na ni kweli, zichukue. Idadi ya sauti puuza kabisa, maana utatumia mbili tu: piano, na ile ya kinanda cha kanisani siku wageni wakija. Tuzungumze pedali, ile unayokanyaga ili sauti iendelee kulia hata ukiinua vidole.

Ndani ya sanduku la piano nyingi za kuanzia kuna kidude cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, kimefungwa waya mmoja. Hiyo ndiyo pedali yako. Iweke juu ya tailizi uone. Ubeti wa kwanza inatulia. Ubeti wa pili imeshasogea upana wa vidole viwili na mguu unaifuata. Kisigino, ambacho kinatakiwa kibaki chini muda wote, kinanyanyuka. Ukiinua kisigino, kiuno kinateleza kwenye kiti, mgongo unalala nyuma, mikono inanyooka. Kufika kiitikio, pedali imegota ukutani na mwanafunzi anaitafuta kwa kidole gumba huku macho yako kwenye nota. Akiwa peke yake nyumbani hajui kama ni pedali. Anadhani ana mguu mzito.

Na huku kwetu wengi wanajifunza ili wapige kanisani. Nyimbo za sauti nne zinataka pedali ibadilishwe karibu kila akodi, yaani kila rundo la nota zinazopigwa pamoja: mikono inatua, mguu unapanda papo hapo, kisha unashuka kuishika akodi mpya. Ukichelewa kidogo tu, akodi mbili zinaingiliana na besi inakuwa uji. Huwezi kujifunza mwendo huo kwa kitu kinachokimbia. Tena hizi pedali za sandukuni ni za swichi, zinajua mambo mawili tu, imeshika au imeachia. Piano halisi ina katikati, ambako sauti inabaki kidogo bila kuchafuka.

Kuna jingine ambalo limewalisha mafundi wengi. Mzazi mmoja alinipigia akiwa amekata tamaa: "Mwalimu, piano inalia yenyewe. Akiacha pedali inavuma, akikanyaga inanyamaza. Fundi anasema kadi imeungua." Kadi, yaani ule ubao wa saketi wa ndani, haikuwa imeungua. Umeme ulikatika, ukarudi, mtoto akawahi kukaa, mguu ukatangulia kwenye pedali, ndipo akabonyeza swichi ya kuwashia. Vitabu vya maelezo vya Yamaha vinalikataza hilo waziwazi: ukiwasha piano huku umekanyaga, inaisoma pedali kinyume. Zima, ondoa mguu, washa. Hela ya kadi nunulia nyama.

Haya, nizipange piano zenyewe.

Ya kwanza ni Yamaha P-145, na sifichi, mimi ni mtu wa Yamaha. Ilitoka mwaka 2023 kuchukua nafasi ya P-45 ya mwaka 2015. Ina kilo 11 na kidogo, binti wa darasa la saba anaibeba mwenyewe. Funguo zake si bora kuliko zote za bei hiyo, na pedali ya sandukuni ni kile kile kidude nilichokisema. Ninachoipendea ni kwamba unaweza kukitupa kidude ukachomeka pedali nyingine ya Yamaha, FC4A, ambayo ina umbo la pedali ya piano na inakaa chini ikatulia, au FC3A inayojua na ile nusu ya katikati. Adapta yake ni volti 12, ampea 1.5, kitu ambacho hata ikifa hukosi mbadala wa maana. Na mafundi wetu wameizoea Yamaha kwa sababu ndiyo iliyojaa makanisani. Ukipata P-45 ya mtumba yenye funguo zisizogonga kwa kelele, iko hapa hapa namba moja, usijisikie vibaya.

Ya pili ni Roland FP-10. Vijana wa Roland watanipiga mawe, maana kwa funguo tu inaishinda Yamaha: zina mkwaruzo kidogo usiotelezesha jasho, na ukibonyeza taratibu unasikia kile kijongo kidogo mwishoni kama kwenye piano kubwa. Nayo inaikubali nusu ya pedali ukiichomekea DP-10, pedali ya Roland wenyewe. Lakini DP-10 unainunua kando, na hapa mjini ukiulizia unaangaliwa usoni. Ina kilo 12.3.

Ya tatu ni Casio CDP-S110. Nyembamba, kilo 10.5, na inatumia betri sita ndogo za AA, jambo ambalo anayeishi kwenye laini ya umeme wa kubahatisha atalithamini kuliko funguo za dhahabu. Pedali yake, SP-3, ndiyo iliyonikera kuliko zote. Paka akipita inahama.

Kawai ES120 ingekuwa ya kwanza kwa haki ya pedali peke yake, kwa sababu ndani ya sanduku wanakuwekea F-10H, pedali ya kweli, nzito, inayojua na ile nusu ya katikati. Naiweka ya nne. Ikisumbua ukiwa Moshi utampelekea nani?

Sasa wauzaji. Sanduku la P-145 linatoka kiwandani na piano, adapta, kibao cha kuwekea nota na pedali. Vinne. Mjini utalikuta limeshafunguliwa "kwa ajili ya kujaribu", na pedali imo kwenye kabati la kioo, inauzwa peke yake. Ukiuliza unaambiwa, "Dada, hiyo ni ziada." Ziada ya nani? Simama hapo hapo dukani uhesabu vinne kabla hujatoa senti.

Na hawa wa mtandaoni wanaopiga picha nzuri halafu "bei njoo inbox". Bei ni siri ya ndoa? Ukienda inbox wanauliza kwanza unakaa wapi. Jibu Njiro, kwa wenye nacho, uone, halafu mwambie dada yako ajibu Ngarenaro, kwa watu wa kawaida. Arusha kuna na wa dola, waliozoea watalii, ingawa tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mwingine anakulilia kwamba bei imepanda kwa ajili ya VAT ya asilimia 18. Mwombe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, atakuuliza unataka bei yenye risiti au isiyo na risiti.

Wa "used ya Japan" usimpuuze, vitu vyake mara nyingi ni vizima, ila geuza adapta usome maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa INPUT 100V bila "hadi 240", usiichomeke ukutani hata kama anaapa kwa mama yake. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Piano yenye adapta ya nje unaiokoa kwa kununua adapta nyingine yenye volti na ncha sahihi. Ile ambayo waya wa umeme unaingia moja kwa moja kwenye mwili na imeandikwa 100V, muachie.

Ambaye ameshanunua na pedali inamkimbia, aende kwa fundi wa katambuga sokoni, akatiwe kipande cha tairi kirefu kuliko pedali, upande wenye kashata, ile michoro ya tairi, uelekee chini. Gundisha pedali juu yake, halafu mbele funga kamba hadi kwenye mguu wa stendi. Zulia linasaidia pia, ila zulia lenyewe nalo hutembea juu ya tailizi.

Kwa mfuko mdogo: Yamaha PSR-E373, funguo 61 zisizo na uzito, lakini zinasikia nguvu ya kidole na ina tundu la pedali. PSR-F52 haina tundu la pedali, na ukibonyeza kwa nguvu au polepole sauti ni ile ile. Mnunulie mtoto wa jirani.