Nililipia beringi, nikapewa rangi

Rangi ya trela yangu ni nzuri, hilo sitakataa. Kijani cha jeshi kisichong'aa, hakuna mahali imechuruzika, hata namba za zamani ubavuni mafundi walizizungushia mkanda wa karatasi zisifunikwe. Sasa natamani niikwangue yote kwa kucha.

Trela yenyewe ni Sankey iliyostaafu jeshi la Uingereza. Sakafu ilikuwa imeoza, mengine mazima. Inavaa magurudumu ya Land Rover, na shingoni ina pete nene ya chuma inayozunguka ndani ya ndoano, kwa hiyo kwenye mashimo inalala upande bila kulivuta gari nayo. Nikaipeleka gereji moja Kariobangi, Nairobi, niliyoelekezwa na binamu yangu (hatusemezani kwa sasa). Waweke sakafu, jiko la kuvuta, tangi la maji, hema la kukunjua juu, na taa za volti 24 zibadilishwe ziwe za 12. Na beringi za magurudumu. Beringi nilizitaja mara tatu.

"Mzee, hiyo niachie mimi," fundi akasema.

Safari ya kwanza, Magadi. Kona Baridi tukateremka vizuri, nikaanza kujisifu. Tukikaribia Olorgesailie nikasikia harufu, nikadhani ni breki za lori lililotupita. Mke wangu akageuka nyuma. "Baba Imani, gurudumu linacheza." Nikashuka, nikagusa habu ya kushoto, kile kitovu cha gurudumu, kama mjinga. Ngozi ya kidole ikabaki pale.

Jeki, spana, kofia ya habu ikatoka. Ndani hakuna grisi. Hata ya kudanganyia hakuna! Unga wa kahawia, na beringi iliyogeuka buluu kwa joto, nzee, labda aliyeifunga mara ya mwisho alikuwa na bunduki begani. Na juu ya kofia ile? Rangi. Nati, rangi. Mtu alisimama na bomba la rangi mbele ya kitu nilichokilipia kifunguliwe, akakipaka, akapita.

Nikampigia fundi simu, salamu sikutoa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nilikuwa nakimbia kasi gani. Mimi! Nikiwa na watoto nyuma! "Mzee, hizi za jeshi si za kubebea nyama choma." Nikakata.

Tukalala hapo hapo Olorgesailie. Hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kushika, maana jiko lake linateleza kama droo ya sonara, mguu wake ulisimama kwenye mawe bila kuyumba, na hema halikuingiza upepo. Watoto hawajui kama kulikuwa na shida.

Asubuhi nikapanda bodaboda hadi Kiserian na beringi mfukoni. Muuzaji akasoma namba iliyochongwa pembeni, akanipa mpya. Nikarudi na kijana wa hapo hapo. Alizipakia grisi kiganjani, akakaza nati mpaka gurudumu likawa zito, akailegeza kidogo likazunguka huru. Habu zote mbili, asubuhi moja, chini ya mgunga.

Gereji ile msiende. Au basi, nendeni kwa jiko na rangi, lakini siku ya beringi ombeni kiti, mkae hapo hadi muone grisi mkononi mwake. Pesa yangu bado hajarudisha. Jana kanitumia picha ya trela nyingine aliyomaliza. Kijani safi kabisa.