Kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Kitwe: uzoefu wangu

Ninauza vitenge, na wateja wangu wengi wako Kitwe, mji wa migodi ya shaba katika Jimbo la Copperbelt nchini Zambia. Kwa kuwa wachimbaji hulipwa mwisho wa mwezi, na treni isingenifikisha kabla ya hapo, safari hii nilikata tiketi ya basi.

Hadi Tunduma sina lalamiko. Basi liliondoka Stendi ya Magufuli kwa wakati, siti zilikuwa imara, na kwenye mlima wa Kitonga dereva alipanda kwa gia nzito bila kushindana na malori. Mpakani ndipo uvumilivu unapopimwa, kwa sababu malori yanayoleta shaba bandarini Dar es Salaam na yale yanayopeleka mafuta na mitambo migodini yanabanana katika barabara hiyo hiyo. Abiria asiye na mzigo hugongewa pasi upesi. Mwenye marobota hukaguliwa moja baada ya jingine, na kadi ya homa ya manjano iwe mkononi. Ukiingia Nakonde, upande wa Zambia, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, la sivyo utagombana bure na kondakta kuhusu muda wa kuondoka.

Kati ya Mpika na Serenje mashimo yalitupunguzia mwendo mno, lakini kilichoniudhi kilitokea Kapiri Mposhi. Wakala alikuwa ameniuzia tiketi iliyoandikwa Kitwe, kumbe basi lilikuwa la Lusaka. Nilishushwa njia panda usiku, marobota yakatolewa kwenye buti na kuwekwa kando ya lami, na kondakta akasema nauli ya kuendelea inanihusu mwenyewe. Kampuni haijanirudishia hata shilingi.

Hata hivyo, treni nayo isingenivusha hapo. Reli ya TAZARA, inayotoka Dar es Salaam na yenye urefu wa kilomita 1,860, inaishia Kapiri Mposhi. Upana wake wa milimita 1,067 ni sawa na wa reli ya Zambia, kwa hiyo behewa la shaba kutoka Copperbelt linaweza kuendelea hadi bandarini bila kupakuliwa, ilhali abiria hushuka na mizigo yake na kutafuta usafiri mwingine. Njia hizi, kwa maoni yangu, zinaithamini shaba kuliko watu.

Kutoka Kapiri nilipanda basi dogo kupitia Ndola, na kuanzia hapo barabara ni ya njia mbili kila upande, laini hadi Kitwe, ambako mlima mweusi wa mabaki ya shaba ya mgodi wa Nkana unaonekana ukiwa bado mbali. Basi hilo dogo lilinishusha karibu na soko la Chisokone, na dereva mwenyewe akanisaidia kushusha marobota.

Kwa huduma ya hadi mpakani ninatoa nyota nne kati ya tano. Kwa tiketi ya kuunganisha, moja. Nitarudi kwa basi, ila nitakata tiketi ya Kapiri Mposhi tu, tena ya basi linalofika huko mchana.