Rangi ya kopo au akriliki, kwa mchoraji wa Kigoma

Wachoraji wakikutana, swali hili haliishi: uchore kwa rangi ya kopo au kwa akriliki, rangi ya wasanii inayochanganywa kwa maji? Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya milango na mageti, ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji wenye jina lake, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi.

Kwa bei na upatikanaji, kopo linashinda: lipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Mwanga hadi Ujiji. Akriliki nzuri mara nyingi huagizwa Dar. Ukiishiwa bluu katikati ya picha ya ziwa, unasubiri mzigo.

Kukauka ni habari nyingine. Akriliki hukauka kwa dakika chache. Kopo hutaka saa nyingi, na kiangazi vumbi halisubiri. Niliwahi kuamka nikakuta mtumbwi wa dagaa niliouchora, karabai na mawimbi yake, umeota chembe za mchanga kama upele. Nilikwangua kwa wembe, nikaanza upya.

Brashi za akriliki huoshwa kwa maji, mradi uwahi. Za kopo hutaka thina, na harufu yake haifai chumba wanamolala watoto.

Halafu mteja. Mgeni anayetoka hifadhi ya Gombe anataka kanvasi ya kuviringisha kama mkeka: akriliki huvumilia, kopo likizeeka hupasuka. Mwenye mgahawa anataka mng'ao ukutani, na hapo kopo halina mpinzani.

Kama wateja wako ni wa mjini, anza na kopo na hadibodi. Oda za wageni zikianza kuja, nunua akriliki nyeupe kwanza, maana ndiyo huisha mapema.