Kozi ya haraka ya programu: asilimia ya ajira ni ya nani?

Nimesoma kozi ya haraka ya kuandika programu, zile za mtandaoni zinazoahidi kumfikisha asiyejua kitu kwenye ajira ndani ya miezi michache. Ufundishaji naupa nyota mbili kati ya tano. Ahadi ya ajira siipi hata moja.

Mkufunzi aliandika msimbo kwenye skrini yake, nasi tukafuatisha mstari kwa mstari. Programu ikigoma, msaidizi alitutumia mstari sahihi, tukaubandika, tukasonga mbele. Lakini kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kusoma ujumbe wa hitilafu, kukisia chanzo, kujaribu na kujaribu tena, na hilo ndilo tulilonyimwa. Tuliingizwa kwenye React, zana ya kujengea kurasa za wavuti kwa lugha ya JavaScript, wakati wengi wetu lugha yenyewe bado inatuchenga, hasa pale programu inaposubiri data kutoka kwenye seva. Mwishowe sote tulikuwa na miradi ileile: orodha ya kazi za kufanya na ukurasa wa hali ya hewa. Msaili akifungua kazi za wahitimu watatu, ameona kazi moja.

Somo la Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo watu wanapouandika pamoja, lilikuwa zuri kweli. Mkufunzi wake alitupa faili moja tuibadilishe wote kwa pamoja, kisha akatuacha tusuluhishe wenyewe mgongano wa mabadiliko yetu.

Kuhusu ajira, niliuliza ile asilimia kubwa ya kwenye tangazo imepatikanaje. Kumbe hesabu inawaondoa wasiotuma maombi ya kazi ya kutosha kila wiki, na inawaingiza wahitimu waliobakizwa palepale kuwa wasaidizi wa kufundisha. Mwenzangu aliyeacha kazi ili asome, akatafuta ajira hadi akakata tamaa, hahesabiwi kabisa. Hilo linaniuma.

Na si shule moja tu. Mwaka 2017 Flatiron School ya New York ililipa dola 375,000 kumaliza shauri na mwanasheria mkuu wa jimbo, lililohusu pia takwimu ilizotangaza za ajira na mishahara. Mwaka 2024 wakala wa Marekani unaowalinda watumiaji wa huduma za fedha uliiadhibu BloomTech, shule nyingine ya programu: ilitangaza ajira za hadi asilimia 86, huku taarifa zake kwa wawekezaji zikionyesha karibu 50.

Ukitaka kujiunga, kabla ya kulipa omba kwa maandishi idadi ya walioanza, waliomaliza, na walioajiriwa nje ya shule kama waandishi wa programu. Wakikupa asilimia tupu, usilipe.